Shamba la Ukoo: Kesi ya Kashasha Iliyotikisa Sheria ya Urithi

Vijana wa Bukoba na Muleba wanaokwenda chuo kikuu kusomea sheria na haki jinai hukabidhiwa vitabu vya kesi nyingi za Uingereza. Ipo moja ya nyumbani wanayopaswa kuisoma mapema: Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory.

Bi. Holaria aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia halali. Umri ulipokwenda na hana wa kumtunza, Agosti 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wao. Ndugu wa ukoo, Bernardo, akakimbilia Mahakama ya Mwanzo Kashasha, wilayani Muleba, akitaka mauzo yabatilishwe. Akashinda.

Mahakama ilikuwa na pa kuegemea. Mila za Wahaya ziliandikwa kitabuni na Hans Cory na mwenzake Hartnoll mwaka 1945, na tangazo la serikali la 1963 likazipa kanuni za urithi nguvu ya sheria: mwanamke atatumia ardhi ya ukoo, lakini hataiuza. Mwanamume hakufungwa na katazo hilo.

Ila Katiba ilikwishabadilika. Haki za binadamu ziliingizwa humo mwaka 1984, serikali ikajipa miaka mitatu ya kurekebisha sheria zake, na kuanzia Machi 1988 mwananchi aliweza kuzidai mahakamani. Shamba liliuzwa miezi mitano baadaye. Mahakama ya Wilaya ikatengua hukumu ya Kashasha, na rufaa ikavuka kwenda Mahakama Kuu Mwanza.

Februari 1990, Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba kumbagua mwanamke kunakiuka Katiba, hivyo mauzo ni halali. Ukoo hakuupuuza: aliupa miezi sita kulikomboa shamba kwa kurudisha zile 300,000, kama ambavyo ungefanya kama muuzaji angekuwa mwanamume.

Mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilibatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi. Hata hivyo kanuni za urithi za 1963 zilibaki, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake iliilaumu Tanzania kwa sababu hiyo.

Hii ilikuwa kesi ya madai, lakini inamhusu pia anayesomea jinai. Mahakama ya mwanzo husikiliza wizi, ugomvi na urithi chini ya paa moja, na wananchi wengi hukutana na sheria hapo kwanza. Polisi, wakili au hakimu wa kesho ajue kwamba haki ya mwanamke mzee wa kijijini ilihitaji ngazi tatu za mahakama, na kwamba kazi yake ni kuhakikisha inapatikana kwenye ngazi ya kwanza.