Mama Yako Je? Miaka Sitini ya Bima ya Hospitali Kenya

Mwaka wa 1966, Kenya ikiwa bado changa kwa uhuru, Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha bima ya hospitali ya kitaifa, ile tuliyokuja kuizoea kwa jina la NHIF. Masharti yake yalikuwa rahisi. Ukipata mshahara wa shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi, mwajiri anakukata shilingi 20 na kuzipeleka kwa hazina. Ukilazwa, hazina inasaidia kulipa bili. Unaolindwa nao ni mke wako na watoto wako.

Mwaka huu nimeyasoma masharti hayo mara kadhaa, na kila nikifika mwisho wa orodha swali ni lile lile: na mama yako je?

Naliuliza kwa sababu ya shosho wangu. Mwaka wa 1966 alikuwa msichana anayechuma kahawa Murang'a, na ameendelea kuichuma karibu maisha yake yote. Pesa alishika, ila hakuwahi kushika mshahara. Malipo ya kahawa yanakuja kwa msimu, ndizi zinauzwa siku ya soko, maziwa yanalipwa mwisho wa mwezi ng'ombe akikubali. Hakuna bosi wa kumkata shilingi 20. Kwa macho ya ile sheria, shosho hakuwepo.

Na hili halikuanzia 1966. Ukirudi nyuma kidogo utalikuta kwa mkoloni. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanaume Mwafrika mtu mzima alilazimishwa kubeba kipande: alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wake, vyote ndani ya kikopo cha bati alichoning'iniza shingoni. Serikali ilitaka kumjua mtu kupitia kazi yake. Mshahara wenyewe ulipimwa kama wa mtu asiye na familia, kwa hoja kwamba mke, watoto na wazazi wako rizavu na shamba litawalisha. Akizeeka au akiugua, mfanyakazi naye alitarajiwa kurudi huko huko. Kwa maneno mengine, bima ya wazee wa Kenya ya kikoloni ilikuwa shamba, na aliyeilipia ni mwanamke aliyelilima.

Hospitali nazo ziligawanywa kwa rangi. Hii tunayoiita Kenyatta ilianza mwaka wa 1901 kama hospitali ya wenyeji, na Nairobi Hospital ilifunguliwa mwaka wa 1954 ikiwa hospitali ya Wazungu. Kwa hivyo serikali ya uhuru ilipotangaza mwaka wa 1965 kwamba wagonjwa wa kwenda na kurudi watatibiwa bure katika hospitali za umma, hilo halikuwa jambo dogo. Kwa karibu robo karne, mtu kama shosho aliweza kutibiwa bila kuulizwa anafanya kazi wapi. Ukiniuliza, kwa mzee wa kijijini hiyo ndiyo ilikuwa bima halisi. NHIF ilikuwa ya watu wa ofisi.

Ni kweli kwamba mwaka wa 1972 mlango ulifunguliwa kidogo, wasioajiriwa wakaruhusiwa kujiunga kwa hiari. Lakini hiari ya mtu wa msimu si sawa na makato ya mtu wa mshahara. Aliyeajiriwa hakumbuki kulipa, anakumbukiwa. Mkulima lazima akumbuke mwenyewe kila mwezi, hata ile miezi ambayo kahawa haijalipwa. Na kwa miaka mingi bima hii ilikuwa ya kulazwa peke yake. Magonjwa ya uzee ni presha, sukari, magoti, macho. Mengi hayakulazi. Yanakupeleka kliniki kila mwezi, na kukurudisha nyumbani na mfuko wa dawa ulizonunua mwenyewe.

Halafu ile bure ikaisha. Mwisho wa 1989, nchi ikibanwa na masharti ya wakopeshaji, serikali ilileta ada za hospitali chini ya jina la kuchangia gharama. Zilisimamishwa mwaka uliofuata, kisha zikarudi. Mwaka wa 2004 ada za zahanati na vituo vya afya zilishushwa hadi shilingi 10 na 20, na 2013 zikafutwa. Huo huo mwaka wa 2004, Charity Ngilu akiwa Waziri wa Afya, Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya kwa kila Mkenya. Rais Kibaki hakuutia sahihi. Tungekuwa na hii mijadala ya leo miaka ishirini iliyopita, lakini ndio hivyo.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyomtaja mzee kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye haki zake. Kifungu cha 57 kinasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima, na kupata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa familia na Serikali. Katiba hiyo inahesabu uzee kuanzia miaka 60. Lakini pesa za Inua Jamii kwa wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi, zilipopanuliwa mwaka wa 2018, ziliwekewa miaka 70. Kati ya 60 na 70 wewe ni mzee kwa katiba tu, mfukoni bado kijana. Mwaka wa 2015 NHIF nayo ilianza kulipia matibabu ya kutolazwa, lakini ada ya aliyejiunga kwa hiari ikaruka kutoka shilingi 160 hadi 500 kwa mwezi.

Sasa tuko kwa SHA. Sheria ilitiwa sahihi Oktoba 2023, Mahakama Kuu ikaiharamisha Julai 2024, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo Septemba, na tarehe 1 Oktoba 2024 kazi ikaanza. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake, kisha mfumo unakadiria anachopaswa kulipa, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kuna matumaini hapa: kujisajili ni bure, na aliyejisajili anafaa kutibiwa katika zahanati na vituo vya afya bila kulipa mchango wowote. Mchango unahitajika ukipanda hadi hospitali kubwa au ukilazwa. Sheria pia inasema serikali iwalipie wasiojiweza.

Nilimsajili shosho tukiwa tumekaa nje ya jikoni lake. Kabambe inatosha, unabonyeza *147# na huhitaji bando. Kitambulisho, laini iliyo kwa jina lake, mtu wa karibu. Kisha ikafika zamu ya yale maswali ya nyumba: paa ni la nini, maji yanatoka wapi, mnapikia nini, choo ni cha aina gani. Hapo akanikatiza.

"Mgonjwa ni mimi ama ni choo?"

Nikamweleza wanataka kujua uwezo wake. Akacheka, akasema uwezo wake ni sisi.

Hiyo sentensi imenikaa kichwani kuliko sheria zote nilizosoma. Kwa sababu ni kweli. Kiasi kilichotoka tulikigawana kwa grupu ya WhatsApp ya familia: mimi, binamu zangu wawili na shangazi, kila mtu na M-Pesa yake. Binamu mmoja ameajiriwa na anakatwa SHA kila mwezi. Lakini makato yake hayamfikii shosho, kwa maana wategemezi wanaotambuliwa ni mwenzi wa ndoa na watoto. Mzazi au shosho ni kaya yake, anajisajili peke yake, anapimwa peke yake, analipiwa kando. Mimi mwenyewe naishi kwa vibarua vya kuandika, sina hati ya mshahara, kwa hivyo najilipia kando, kisha nachangia kwake.

Ukiiangalia vizuri, familia inayotambuliwa na bima ya leo ni ile ile ya 1966, mtu, mwenzi wake na watoto wao. Mfumo umehama kutoka kwa karatasi hadi kwa simu, jina limebadilika, asilimia imekuja, lakini mama bado anadhaniwa yuko rizavu, shamba linamlisha. Katiba inasema familia na Serikali. Fomu inauliza kuhusu paa. Haiulizi ni nani anayetuma pesa ya dawa.

Sijaandika haya ili mtu asisajili wazee wake. Wasajili, na mapema. Ukingoja hadi siku ya kulazwa, utajikuta unatafuta mchango wa mwaka mzima ukiwa umesimama kwa dirisha la malipo. Angalia kwanza kama laini ni yake kwa jina, kwa sababu wazee wengi wanatumia laini za watoto. Maswali ya nyumba mjibu mkiwa pamoja, kila kitu kama kilivyo. Ukishindwa, mtafute mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, au uende Huduma Centre. Halafu andikeni kwa ile grupu tarehe ambayo mchango wa mwaka unaisha, mwanze kuchanga miezi miwili kabla.

Wetu unaisha Machi. Shangazi ndiye anashika daftari, na binamu wa mshahara amesema mwaka huu atatoa nusu. Sheria haimtambui kama mtu anayemtegemeza shosho. Shosho anamtambua.