Kutoka Posho hadi Fedha: Historia ya Msaada katika Nchi ya Kulamawe

Njaa ina historia yake, na msaada una historia yake vile vile. Vitabu vingi vyasimulia vita, wafalme na mipaka. Ni vichache visimuliavyo jinsi mwenye njaa alivyosaidiwa, na ni nani aliyekuwa na haki ya kuamua apewe nini. Hata hivyo swali hili la mwisho si dogo. Mtu ambaye wengine humwamulia ale nini, lini, na kwa kipimo gani, amepoteza kitu kingine zaidi ya chakula. Katika insha hii, msomaji mpenzi, tutalifuata swali hilo mahali pamoja, napo ni Kulamawe, katika kaunti ya Isiolo nchini Kenya.

Ukitoka mji wa Isiolo kwa njia kuu iendayo Modogashe na Wajir, utafika Kulamawe katika nchi kavu ya vichaka vya miiba. Sikio la Mswahili husikia katika jina hilo maneno mawili, kula na mawe, na mgeni aionapo ardhi yenyewe wakati wa kiangazi haoni ajabu kulisikia hivyo. Lakini hapana mtu alaye mawe. Wenyeji wa nchi hii, ambao wengi wao ni Waborana, wameishi kwa maziwa, nyama na biashara ya mifugo. Mvua huja mara mbili kwa mwaka: ya kwanza kati ya Machi na Mei, ya pili kati ya Oktoba na Desemba, nayo huja ikitaka. Kwa sababu hiyo mnyama kwa mfugaji si mnyama tu. Ni ghala lake, ni akiba yake, ni mahari ya mwanawe, na ni heshima yake mbele ya watu.

Yafaa ujue kwamba msaada haukuletwa nchi hii na wageni. Waborana walikuwa na desturi iitwayo busa gonofa, ambayo kwayo ukoo ulimkusanyia wanyama mtu aliyefilisika kwa ukame, maradhi au uvamizi, ili aanze upya. Walikuwa pia na desturi ya dabare, yaani kumwazima mwenzio mnyama anyonye maziwa yake yeye na watoto wake. Kwa kuwa wengi wao ni Waislamu, zaka nayo ilikuwa na nafasi yake. Tazama jambo moja katika desturi hizi: aliyesaidiwa hakupewa chakula cha siku, alipewa chanzo cha chakula. Alirudi malishoni akiwa mfugaji kama wenziwe.

Desturi hizo zilivunjwa nguvu na vita. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na kabla mwezi huo haujaisha serikali ilikuwa imetangaza hali ya hatari kaskazini mashariki, ambako watu wengi walitaka kujiunga na Somalia. Vita vile, vilivyoitwa vya shifta, vilienea hata Isiolo. Katika mwaka 1966 na 1967 wafugaji walilazimishwa kukaa katika vijiji vilivyolindwa na askari, kama vile Garbatulla na Merti, wala hawakuruhusiwa kuzunguka na wanyama wao kama zamani. Mifugo isiyoweza kuzunguka katika nchi kavu hufa. Mingine ilitwaliwa, mingine ikapigwa risasi. Hata mapatano yalipofikiwa Arusha mwezi Oktoba 1967, jamaa nyingi zilikuwa hazina ngamia hata mmoja. Sasa busa gonofa ingefanywaje? Ukoo hauwezi kumpa fukara ikiwa ukoo wenyewe umekuwa fukara.

Hapo ndipo posho ilipochukua nafasi ya mnyama. Serikali, makanisa na mashirika ya kigeni yalileta nafaka. Tena yakaanzishwa mashamba ya kumwagilia maji, kama yale ya Malka Daka na Garfarsa, ili watu waliopoteza mifugo wajaribu kulima. Ukame ukarudi tena na tena. Katika mwaka 1984 Kenya iliagiza mahindi ya njano kutoka ng'ambo, na wazee wa sehemu nyingi za nchi wayakumbuka mpaka leo. Mtoto aliyezaliwa Isiolo miaka ile aliweza kukua akijua lori la mahindi kama watoto wa kwingine wajuavyo msimu wa mavuno.

Tusiitukane posho. Iliokoa maisha ya watu, na mwenye njaa hachagui gunia. Lakini ilikuwa na kasoro zake. Kwanza, ilimfunga mtu karibu na mahali pa kugawiwa, hali mifugo yake michache ilitaka malisho ya mbali. Pili, ilidhani kwamba haja za nyumba zote ni moja. Mama aliyekuwa na mtoto mgonjwa alipewa mahindi. Aliyedaiwa karo alipewa mahindi. Aliyehitaji chombo cha kuchotea maji alipewa mahindi. Basi baadhi yao waliuza sehemu ya posho kwa bei ya chini wapate walichokihitaji. Tena ulipaji wa malori na maghala ulikula sehemu kubwa ya gharama kabla punje moja haijamfikia mlaji.

Wazo la kumpa maskini fedha badala ya chakula halikuanzia Kenya. Mexico ilianza mpango wake mkubwa mwaka 1997, na Brazil ukaanza wake wa Bolsa Família mwaka 2003. Katika Kenya serikali ilifanya majaribio mwaka 2004 kwa jamaa zilizolea mayatima. Mwaka 2007 ikaanza M-Pesa, ambayo kwayo fedha husafiri kwa simu, na watu wakaona kwamba shilingi yaweza kufika mahali ambapo lori hukwama. Ndipo, kuanzia mwaka 2008, ukaandaliwa mpango wa kukinga watu na njaa katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, kwa msaada mkubwa wa Uingereza. Isiolo haikuwamo. Ilingoja mpaka awamu ya tatu ya mpango huo, iliyoanza mwaka 2019, ilipoingizwa pamoja na Garissa, Samburu na Tana River. Kiasi kilichowekwa kilikuwa shilingi 2,700 kwa mwezi, zikilipwa shilingi 5,400 kila miezi miwili kwa njia ya benki. Mbali na mpango huo, wazee waliotimiza miaka 70 waliwekewa na serikali shilingi 2,000 kwa mwezi kuanzia mwaka 2018.

Wewe ukaaye mjini waweza kuuliza: fedha chache kama hizo zabadili nini? Ili tujibu, hatuna budi kufahamu jinsi ukame unavyomfukarisha mfugaji. Si kwa kuua wanyama peke yake. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika mwaka mwema mbuzi mmoja huuzwa kwa bei ya gunia zima la mahindi. Ukame uingiapo, wanyama hukonda, kila mtu huwapeleka sokoni kwa siku moja, na bei yao huanguka. Wakati huo huo mahindi huadimika na bei yake hupanda. Mbuzi yule yule sasa hapati hata nusu gunia. Aliyekuwa akiuza mbuzi mmoja lazima auze wawili au watatu apate chakula kile kile, na mvua ijapo hana kundi la kuzaliana. Amekula mbegu yake.

Sasa mpe mtu huyo shilingi 5,400 wakati ule ule. Hazitamtajirisha. Lakini zaweza kumnunulia unga wa majuma kadhaa, na mbuzi jike aliyekuwa auzwe kwa hasara akabaki zizini. Huyo mbuzi ndiye faida yenyewe, maana mwakani atazaa. Pili, mwenye duka ajuaye kwamba mteja wake ana fedha zijazo kwa miadi hukubali kumkopesha unga, sukari na majani ya chai, ambapo zamani angemfungia mlango. Tatu, soko lenyewe huamka: penye wanunuzi huja wauzaji, na fedha ya jamaa moja huingia mikononi mwa jamaa nyingine. Katika Siaya, magharibi mwa Kenya, wataalamu walichunguza vijiji 653 ambako zaidi ya nyumba 10,000 zilipewa na shirika moja fedha nyingi, kiasi cha dola 1,000 za Marekani kila nyumba. Waliona kwamba hata majirani wasiopewa walifaidika, na kwamba bei za vitu zilipanda kidogo mno.

Wako wasemao kwamba fedha za bure huleta uvivu, nao hutukumbusha methali ya mgeni apewaye jembe siku ya tatu. Methali hiyo ni ya hekima, lakini itumike mahali pake. Mchungaji wa Kulamawe si mgeni, wala hakukaa bure. Jembe lake, yaani mifugo, limevunjwa na vita na ukame. Awamu ya kwanza ya mpango wa kaskazini ilipochunguzwa, haikuonekana kwamba waliopewa fedha waliacha kazi. Kilichoonekana ni kwamba walitumia zaidi katika chakula, na kwamba hawakuzama katika ufukara kama jirani zao wasiopewa.

Hata hivyo, msomaji, usiifanye fedha kuwa mungu. Fedha hainyeshi mvua. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwanzo wa mwaka 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika nchi hizi, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni mbili. Shilingi 2,700 zilibaki 2,700, ingawa bei ya unga ilipanda. Malipo yalipochelewa, yule aliyekopa dukani kwa kuyategemea aliaibika mara mbili. Tena palipo na orodha pana walioachwa nje, na jamaa mbili zilizo sawa kwa umaskini zaweza kutazamana kwa uchungu ikiwa moja imeandikwa na nyingine haikuandikwa. Aghalabu uchungu huo hutulizwa na desturi ya zamani: aliyepata humgawia asiyepata. Kumbe ukarimu wa ukoo haukufa. Ulikosa tu kitu cha kugawa.

Hapo ndipo twaona historia hii ilikotufikisha. Mnyama wa busa gonofa alimrudishia mtu kazi yake na uamuzi wake. Posho ilimrudishia uhai, lakini uamuzi ikauacha kwa mwenye ghala. Fedha, ingawa ni chache, imemrudishia mama wa nyumba sehemu ya uamuzi ule: leo ninunue unga, au nilipe deni, au nimtibu mtoto? Ni maswali mazito kwa mwenye shilingi chache, lakini ni yake mwenyewe. Bado kazi kubwa imesalia, nayo ni visima, shule, dawa za mifugo, na bei ya haki sokoni; kazi hizo haziwezi kufanywa na mtu mmoja kwa fedha za miezi miwili.

Nawe, mwanafunzi, siku moja waweza kuwa karani, daktari, diwani au waziri, ukakaa mezani pale ambapo msaada wa watu wa mbali huamuliwa. Siku hiyo usiulize tu, "Tuwape nini?" Uliza kwanza walikuwa na nini, nani alikiondoa, na wao wenyewe wataka kuanzia wapi. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Lakini aweza kumwuliza, na kumsikiliza ajibupo.