Utakatifu, Tohara na Wakfu

Msomaji wa magazeti ya Dar es Salaam huenda analikuta shina la neno utakatifu kwenye habari za mahakamani mara nyingi kuliko kwenye kurasa za dini. Washtakiwa wanasomewa shtaka la kutakatisha fedha: fedha za wizi au za rushwa zimepitishwa kwenye biashara halali hadi zikaonekana hazina doa. Shina ni takata, yaani kuwa safi, kung'aa. Nguo iliyofuliwa vizuri hutakata, na mbingu hutakata mawingu yakiondoka. Humo tumepata takasa, takatisha na utakaso, pamoja na sifa takatifu, iliyoundwa kama potofu kutoka potoka na kamilifu kutoka kamilika. Ukiisikiliza sarufi peke yake, kitu kitakatifu ni kile kilichokwisha kutakata.

Ndiyo maana Mkristo wa Kiswahili akiambiwa awe mtakatifu, kinachomjia kwanza akilini ni madoa. Anahesabu ya kuacha: ulevi, uzinzi, matusi, uongo. Katika baadhi ya makanisa hesabu hiyo huteremka hadi kwenye suruali ya mwanamke, hereni na nywele za kusuka, na hapo ndipo mahubiri ya utakatifu hukaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Sibezi kuacha maovu. Ninachouliza ni kama neno lilianzia hapo.

Halikuanzia hapo. Neno la Kiebrania, qadosh, kwanza linahusu umiliki: kitu kimetolewa kwenye matumizi ya kawaida kikawa cha Mungu. Musa alipoambiwa avue viatu kwa sababu alikanyaga mahali patakatifu, alikuwa nyikani akichunga mifugo ya Yethro, mkwewe. Hakuna aliyekuwa amepafagia pale. Vumbi lilikuwa lile lile la jana, ila Mwenyewe alikuwapo. Shina hilo hata halikuwa na maadili ndani yake hapo mwanzo. Katika habari ya Yuda na Tamari, kwenye kitabu cha Mwanzo, mwanamke anayedhaniwa kahaba anaitwa kwa neno la shina hilo hilo, jambo ambalo tafsiri zetu haziwezi kulionyesha, na pengine ni heri.

Kitabu cha Mambo ya Walawi kinawapa makuhani kazi ya kupambanua jozi mbili. Ya kwanza ni kitakatifu na cha kawaida, ya pili ni safi na najisi. Jozi hizi hazilingani, na hapo ndipo Kiswahili hutuchanganya. Kitu cha kawaida kinaweza kuwa safi kabisa na bado kisiwe kitakatifu. Nyumba nyingi zina sahani za kila siku na sahani za wageni. Zote zimeoshwa kwa maji yale yale, lakini mtoto akipakuliwa ugali kwenye ile ya wageni, mama atauliza. Kwa usafi wa jozi ya pili Waebrania wana tahor, ndugu wa tohara, neno tulilolipata kwa Waarabu. Kwa jozi ya kwanza tumetumia takatifu, neno ambalo kwa asili yake lingekaa vizuri zaidi kwenye jozi ya pili.

Je, watafsiri walikosea? Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891, na ile ya Muungano mwaka 1952. Pwani ilikuwa na neno la umiliki tayari: wakfu. Mpwani anajua shamba la wakfu lina maana gani. Haliuzwi, halirithiwi, halitolewi zawadi, na mapato yake yana mahali pamoja tu pa kwenda. Hilo linaikaribia qadosh kuliko usafi wa aina yoyote, na Biblia zetu hulitumia zinapozungumzia vyombo na makuhani waliotengwa kwa ajili ya Mungu. Lakini haliwezi kubeba kazi yote, kwa sababu moja rahisi: Mungu mwenyewe huitwa mtakatifu, na hakuna aliyemweka Mungu wakfu. Kwake yeye neno linataka kusema ukuu, utofauti na mwanga usio na kivuli, na takatifu, lenye mng'ao ndani yake, linaweza. Karl Roehl, ambaye Biblia yake ya mwaka 1937 ilikusudia kupunguza maneno ya Kiarabu, angelikataa wakfu kwa sababu zake nyingine. Nalo takatifu halikubaki la Wakristo peke yao: Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy aliipa tafsiri yake ya mwaka 1969 jina Qurani Takatifu. Mimi naona neno lilichaguliwa vyema. Kasoro iko kwetu tunapolisoma bila kuweka neno wakfu kando yake.

Tukilisoma hivyo, sura ya 19 ya Mambo ya Walawi inafunguka. Inaanza na amri kwa taifa zima, wala si kwa makuhani tu, kwamba wawe watakatifu kwa kuwa Mungu wao ni mtakatifu. Msomaji anayetafuta madoa atangoja orodha ya kunawa. Mbele kidogo anakutana na shamba: usivune hadi kwenye kingo, wala usirudi kuokota masazo, hayo ni ya maskini na mgeni. Kisha kuna kibarua, ambaye ujira wake usilale kwako hadi asubuhi. Kiziwi asilaaniwe, kipofu asiwekewe cha kumkwaza. Mwenye mvi asimamiwe. Mgeni apendwe kama mzalia. Na karibu na mwisho, sokoni: mizani ya haki, mawe ya haki, vipimo vya haki. Kipimo cha nafaka kimetajwa kwa pumzi moja pamoja na Mungu aliyewatoa Misri. Ukiwa wa Mungu, mizani yako pia ni yake, na ndoo uliyoibonyeza kitako kwa ndani ni wizi kwenye mali ya Mwenyewe.

Zekaria, katika sura yake ya mwisho, analipeleka jambo hili mbali zaidi. Maandishi yaliyokuwa kwenye bamba la dhahabu la kuhani mkuu, yanayotangaza utakatifu kwa Bwana, anayaona kwenye kengele za farasi. Kisha anasema kila sufuria ya Yerusalemu na Yuda itakuwa takatifu. Siku hiyo hakutakuwa na tofauti kati ya chombo cha madhabahuni na chombo cha jikoni.

Katika Afrika ya Maziwa Makuu historia imetupatia pande zote mbili za neno. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukaenea miaka ya 1930 kwenda Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya, ulizungumza sana lugha ya kutakaswa kwa damu ya Yesu. Usafi tena, mtu atasema. Lakini walokole wale walitubu mbele za watu, wakarudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni ya zamani. Usafi wao ulipitia mfukoni, na naamini waajiri wao waliielewa hoja haraka kuliko wanatheolojia.

Karibu na hapo, Goma, alikuwapo Floribert Bwana Chui, kijana aliyefanya kazi katika idara ya serikali ya kukagua bidhaa. Aliahidiwa fedha ili aipitishe shehena ya mchele ulioharibika. Alikataa, kwa kuwa mchele ule ungeliwa na watu. Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri, shahidi wa imani. Hakuuawa akisali. Aliuawa kwa sababu ya muhuri ambao hakuupiga kwenye karatasi.

Cheo chake, mwenyeheri, bado hakijafika Mtakatifu. Kwa Wakatoliki, Mtakatifu mbele ya jina ni tangazo la Roma, kama lile la tarehe 18 Oktoba 1964 kwa Karoli Lwanga na wenzake 21 wa Uganda. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 21 Novemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya Kanisa yenye sura nzima inayosema wito wa utakatifu ni wa wote, wakiwamo wenye ndoa na wenye ajira. Paulo alikuwa ameandika hivyo kitambo. Aliwaita watakatifu Wakristo wa Korintho, kisha barua ile ile ikawakemea kwa kushtakiana mahakamani na kulewa kwenye meza ya Bwana. Hakuona mgongano, kwa kuwa alikuwa akitaja kwanza wao ni wa nani. Anayeandika Kiswahili na aendelee kumpa Lwanga herufi kubwa, na Wakorintho awaachie ile ndogo.