Tangi la matumbawe nyumbani Dodoma: Anza na maji kabla ya samaki

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

TANGI la kioo lenye samaki wa baharini na matumbawe hai si pambo la kawaida katika nyumba za Dodoma. Jiji hili lipo takriban kilomita 450 kutoka Dar es Salaam na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, katika ukanda mkavu wenye msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Desemba na kumalizika Aprili.

Hata hivyo, tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia rasmi Dodoma, na mji huo kupandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 2018, wamekuja wakazi wengi waliozoea upepo wa bahari. Si ajabu kwamba wapo wanaotamani kuwa na kipande cha bahari sebuleni.

Tatizo ni kwamba miongozo mingi inayoambatana na vifaa hivi imeandikwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya na Marekani, ambako maji hutoka bombani kwa shinikizo kubwa usiku na mchana na umeme hukatika kwa nadra. Anayenunua kwa kufuata orodha hizo peke yake anaweza kutumia fedha nyingi na kupoteza viumbe vyote ndani ya mwezi mmoja.

Makala haya yanaeleza vifaa vinavyohitajika kwa mtu anayeishi uwanda wa kati. Mfano tutakaoutumia ni tangi lenye urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 50, ambalo likishawekwa mawe na mchanga hubaki na takriban lita 250 za maji. Anayeanza asidhani kuwa tangi dogo ni rahisi zaidi. Kadiri maji yanavyokuwa machache, ndivyo joto na chumvi vinavyobadilika haraka.

Maji na mtambo wa kuyachuja

Maji ya visima vya Dodoma, yakiwemo ya bonde la Makutupora ambayo kwa miaka mingi yamekuwa tegemeo kuu la jiji, ni magumu. Yana madini mengi yanayoacha utando mweupe ndani ya birika. Hayafai kuchanganywa moja kwa moja na chumvi ya tangi, kwa sababu madini hayo hurundikana kila maji yanapoongezwa.

Kifaa cha kwanza kununua, kwa hiyo, ni mtambo mdogo wa kuchuja maji kwa utando, wa aina ile ile inayotumiwa na watengenezaji wa maji ya chupa. Chagua wenye hatua ya mwisho ya kuondoa madini yaliyosalia, pamoja na kipimo cha kielektroniki kinachoonyesha kiasi cha madini ndani ya maji. Maji yaliyo tayari yanapaswa kusoma sifuri au karibu yake.

Hapa ndipo wengi hukwama. Utando huo huhitaji shinikizo la baa tatu hadi nne. Tangi la plastiki lililo juu ya mnara wa mita tatu hutoa baa 0.3 tu, yaani sehemu ya kumi ya kinachotakiwa. Bila pampu ndogo ya kuongeza shinikizo, mtambo utatoa maji kidogo mno na mengi yatamwagika. Nunua pampu hiyo pamoja na mtambo.

Aidha, kwa kila lita moja safi, lita tatu hadi nne hupita na kutoka nje. Tangi la mfano wetu litahitaji lita 25 kila wiki kwa ajili ya kubadilisha maji, na lita 20 au zaidi za kufidia yanayokauka. Hizo ni lita 45 safi, ambazo zitahitaji kati ya lita 180 na 225 za bomba. Ni sawa na madumu tisa hadi 11 ya lita 20 kwa wiki.

Katika jiji ambalo mgao wa maji unafahamika, kiasi hicho si kidogo. Kwa bahati nzuri maji yanayotoka nje hayana sumu. Ni maji yale yale ya bomba yaliyoongezeka ugumu, na yanafaa kufulia, kupigia deki na kusafishia choo. Weka pipa la kuyakinga tangu siku ya kwanza.

Maji ya mvua nayo yanavutia, lakini yawe ya tahadhari. Mabati hutoa zinki, na zinki kama ilivyo shaba ni sumu kwa matumbawe, kamba na konokono hata ikiwa kidogo sana. Ukiyakinga, acha mvua za mwanzo zisafishe vumbi la paa, kisha yapitishe maji hayo katika mtambo kama mengine.

Si kila chumvi ni ya bahari

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama chumvi ya dukani, au ile inayochemshwa na wananchi wa Bahi, haiwezi kutumika. Jibu ni hapana.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali. Humo mna takriban miligramu 400 za kalisi na 1,300 za magnesi, ambazo tumbawe huzihitaji ili kujenga kiunzi chake. Maji ya bahari yanapokaushwa katika mashamba ya chumvi, sehemu kubwa ya kalisi huganda mapema na kubaki chini, ilhali magnesi husalia katika maji machungu yanayomwagwa. Kinachovunwa katikati ni chumvi ya kupikia. Ukiiyeyusha upya hupati tena bahari.

Inayotakiwa ni chumvi iliyotengenezwa mahususi kwa matangi ya matumbawe. Lita 250 zitahitaji takriban kilo 10 kwa kuanzia, na baada ya hapo kilo nne hivi kila mwezi. Hakikisha unao mzigo wa miezi miwili mkononi, kwani si bidhaa ya kuipata katika duka la mtaani.

Pamoja na chumvi, nunua rifraktomita, kifaa cha kutazamia chumvi kwa jicho. Uzito linganifu wa maji uwe 1.025 hadi 1.026. Vipimo vingine vya lazima ni vya amonia, naitraiti, naitreti na uwezo wa maji kuhimili tindikali.

Kioo na meza yake

Mafundi vioo wa mjini wanaweza kutengeneza tangi zuri. Kwa vipimo tulivyotaja, kioo kisipungue milimita 10, na milimita 12 ni salama zaidi. Gundi iwe silikoni halisi isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, ile inayonuka kama siki wakati inakauka. Jaza maji ya kawaida kwa wiki nzima nje ya nyumba kabla ya kuliingiza ndani.

Tangi likijaa, pamoja na mawe na mchanga, huzidi kilo 400. Meza ya mbao ngumu kama mninga hufaa. Ya chuma ipakwe rangi ya kuzuia kutu kila upande, maana matone ya chumvi hayaachi chuma kikiwa salama.

Chini ya meza huwekwa tangi la pili linalobeba chujio, hita na pampu ya kurudisha maji juu. Umeme unapokatika, sehemu ya maji ya juu hushuka humo. Acha nafasi ya kuyapokea, na kabla ya kuweka kiumbe chochote chomoa plagi na utazame kama sakafu inabaki kavu.

Hewa, mkondo na povu

Jambo ambalo miongozo ya kigeni hailitaji ni mwinuko. Kwa kuwa shinikizo la hewa la Dodoma ni dogo kuliko la pwani, maji yaliyoshiba hewa hapa hubeba oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 12. Maji ya chumvi na yenye joto hubeba oksijeni kidogo tayari, kwa hiyo akiba ni ndogo.

Tiba yake ni mwendo wa maji. Weka pampu mbili za mkondo zinazotazamana, moja ikielekezwa karibu na uso wa maji ili uchezecheze wakati wote. Punguza pia idadi ya samaki. Wawili au watatu wadogo wanatosha kwa tangi hili katika mwaka wa kwanza.

Kifaa kingine cha thamani ni kichuja povu. Hiki huingiza viputo vidogo mno ndani ya maji, uchafu wa samaki na mabaki ya chakula hunata kwenye viputo hivyo, kisha povu hupanda na kumwagikia kikombe kinachosafishwa kila baada ya siku chache. Ndilo povu lile la rangi ya chai linaloonekana ufukweni wakati wa kusi. Nunua kilichopangiwa tangi kubwa kidogo kuliko lako, na kwa kuwa pampu yake huvuta hewa ya chumba, funika mdomo wa mpira kwa kipande cha sponji kuzuia vumbi.

Baridi ya Juni, joto la Novemba

Matumbawe hupenda nyuzi joto 24 hadi 27. Usiku wa Juni na Julai hali ya hewa ya Dodoma hushuka hadi nyuzi 14 au chini yake, na mchana wa Oktoba na Novemba hupanda kupita 30. Mkazi wa hapa anahitaji vifaa viwili, cha kupasha na cha kupoza.

Badala ya hita moja ya wati 200, nunua mbili za wati 100. Hita ikikwama ikiwa imewaka, ile ndogo haitapika tangi. Kwa kupoza, feni ndogo inayopuliza juu ya maji inatosha, na hapa uwanda wa kati una bahati kuliko pwani. Hewa kavu hukausha maji haraka na kuyapoza kwa nyuzi mbili hadi nne, ilhali unyevu wa Dar es Salaam huipunguzia feni nguvu. Kinachokauka ni maji matupu, chumvi hubaki, kwa hiyo fidia kwa maji safi yasiyo na chumvi.

Umeme ndio roho ya tangi

Pampu zote na kichuja povu vikitumia wati 70 usiku na mchana, na taa za LED za wati 100 zikiwaka saa tisa kwa siku, matumizi ni takriban uniti 77 kwa mwezi. Hita ikifanya kazi theluthi ya muda huongeza uniti 48. Kwa maneno mengine, tangi peke yake linavuka uniti 75, kikomo kilichowekwa kwa wateja wa daraja la D1 katika agizo la bei la mwaka 2016. Mwenye nyumba apige hesabu hiyo kabla ya kununua kioo.

Kisha kuna kukatika. Mgao ulioikumba nchi mwishoni mwa 2023 hadi mapema 2024, kabla ya mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha, ungeua tangi lolote lisilo na akiba. Bila mkondo, oksijeni inaweza kwisha katika saa chache.

Usijaribu kuendesha kila kitu kwa betri. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumika nusu ya uwezo wake, inaweza kuzungusha pampu moja ya wati 20 kwa takriban siku nzima kupitia inveta. Hiyo inatosha kuokoa viumbe. Taa na hita vinaweza kusubiri.

Vifaa viwe vya volti 230 na mizunguko 50. Pampu za Marekani za volti 110 huhitaji transfoma, na hata hapo nyingi huzunguka polepole kuliko zilivyokusudiwa. Nyaya zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Fundi aweke swichi inayokata umeme unapovuja.

Viumbe vitoke wapi?

Matumbawe ya pwani yetu yaliumizwa vibaya na joto la bahari mwaka 1998, na yamepauka tena mara kadhaa tangu hapo. Hayana ziada ya kujaza sebule. Matumbawe yote magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha Mkataba wa CITES, ambao Tanzania ni mwanachama tangu 1980, na kwa hiyo hayavuki mpaka bila kibali. Maeneo kama Mafia, Mnazi Bay na visiwa vya Bongoyo na Mbudya yanalindwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari ya mwaka 1994.

Kwa hiyo, chukua vipandikizi vilivyokuzwa katika matangi, vyenye hati, na samaki waliozalishwa na binadamu. Mawe yawe ya chokaa makavu, yenye vitundu vya kukaliwa na bakteria. Granaiti ya vilima vya Dodoma haina vitundu hivyo. Kamwe usichemshe jikoni mawe yaliyotoka kwenye tangi, kwani baadhi ya matumbawe laini yana sumu kali ambayo mvuke wake umewahi kulaza watu hospitalini.

Tangi likishawekwa maji na mawe, lisubiri wiki nne hadi sita hadi amonia na naitraiti visome sifuri. Ndipo samaki wa kwanza aingie.

Anayeona gharama ni kubwa ana njia nyingine. Samaki wa jamii ya sikilidi wa Ziwa Tanganyika wana rangi zinazoshindana na za baharini, na kwao maji magumu ni ya asili. Kwao hakuna chumvi ya kuagiza, na kile kinachoitwa kasoro ya maji ya Dodoma kinakuwa faida.