Sanduku Lililozibana Hesabu za Upepo

Gari likienda kasi kwenye barabara kuu, sehemu kubwa ya nguvu ya injini huishia kuipasua hewa. Ukinzani huo hupanda kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 60 kwa saa ukafika 120, hewa inakuzuia kwa nguvu mara nne ya ile ya awali. Milinganyo ya mwendo wa hewa inajulikana tangu Claude-Louis Navier alipoiandika mwaka 1822 na George Stokes akaikamilisha mwaka 1845, kwa hiyo wengi hudhani kilichosubiriwa ni kompyuta yenye nguvu tu. Historia haikwenda hivyo. Hesabu za ukinzani zimeanza kuaminika kwa kuwa zilibanwa na vipimo vya handaki la upepo kila zilipojaribu kujitegemea, na shahidi mkubwa wa jambo hilo ni sanduku lisilo na injini wala magurudumu.

Mwaka 1984 S. R. Ahmed, akiwa na G. Ramm na G. Faltin, alichapisha vipimo vya sanduku hilo, umbo lenye urefu wa milimita 1,044, upana wa 389 na kimo cha 288. Mbele limeviringwa, ubavuni limenyooka, na nyuma, upande wa juu, lina mteremko unaoweza kubadilishwa. Walilipulizia hewa ya mita 60 kwa sekunde. Mteremko ulipokuwa nyuzi 12.5, kipimo cha ukinzani kilikuwa 0.23 hivi, ulipofika nyuzi 30 kikapanda hadi karibu 0.38, ukizidishwa kidogo tu, kinaporomoka hadi karibu 0.26. Hewa ya ubavuni hujikunja juu ya kingo mbili za mteremko na kuwa vizingo viwili virefu vyenye nguvu. Vizingo hivyo huivuta hewa ya juu ishikamane na mteremko, shinikizo pale linashuka, na sanduku linavutwa kurudi nyuma. Baada ya nyuzi 30 vizingo vinavunjika, hewa inaachana na mteremko, na mvuto unapungua. Badiliko kubwa kiasi hicho ndani ya nyuzi chache ni mtihani mgumu kwa hesabu yoyote.

Na kompyuta zilianguka mtihani huo. Kwa kuwa kukokotoa kila msukosuko mdogo wa hewa kunahitaji uwezo mkubwa mno, wahandisi walitumia hesabu za wastani, hasa mbinu zilizoenea baada ya kazi ya Brian Launder na Brian Spalding ya miaka ya 1970. Watafiti wa mji wa Erlangen, Ujerumani, walipolipima upya sanduku hilo kwa leza, kwenye nyuzi 25 na 35, kasoro ilionekana wazi. Kwenye nyuzi 35, ambako hewa imekwisha kuachana na mteremko, hesabu nyingi zilikaribia ukweli. Kwenye nyuzi 25 hewa huachia juu kisha ikarudi kushika chini yake. Hesabu za wastani ama ziliiacha ishikamane muda wote, ama ziliibandua isirudi tena. Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba namba ya jumla inaweza kutoka sahihi huku makosa mawili yakifutana ndani yake. Bila kipimo cha mtiririko wenyewe, nani angegundua?

Wapo watakaosema handaki nalo hudanganya. Ni kweli: sakafu yake ikisimama huku gari halisi likipita juu ya barabara, na kuta zikiubana upepo, matokeo hupotoka. Sanduku la Ahmed lenyewe lilisimama kwenye vigingi juu ya sakafu isiyosogea. Lakini kosa la handaki linaweza kuwekwa ndani ya kompyuta pamoja na kuta zake na kuchunguzwa. Hesabu isiyo na kipimo haina pa kushtakiwa. Wengine watasema sanduku si gari, na hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Ufundi cha München kilileta DrivAer, umbo lenye magurudumu lililochanganya Audi A4 na BMW 3 Series.

Mbinu mpya zinazofuata misukosuko mikubwa moja moja zimepunguza pengo sana, kwa gharama kubwa ya saa za kompyuta. Hata hivyo, kanuni za Ulaya za kupima matumizi ya mafuta, zilizoanza kutumika mwaka 2017, zinaruhusu kompyuta ikadirie tofauti ya ukinzani kati ya matoleo ya gari moja kwa sharti kwamba mbinu hiyo imethibitishwa kwanza kwa vipimo.