Kitasa cha Hewani

Biharusi akihamia nyumba mpya, tunakagua mlango, komeo na mapazia. Kile kisanduku cha intaneti hatukigusi, na picha zake za hina, alizopigwa bila mtandio, zimo kwenye simu na kompyuta zilizounganishwa nacho.

Ukifungua mipangilio ya ruta utakuta majina WEP, WPA, WPA2 na, kwa ruta mpya, WPA3. Ni vitasa hivyo, na vya mwanzo vimeshavunjwa.

WEP ilitoka mwaka 1997 ikiahidi usiri sawa na wa waya. Mwaka 2001 Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walionyesha kuwa anayenasa mawimbi yake hewani anaweza kuupata ufunguo wenyewe. Kufikia 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, waliupata kwa chini ya dakika moja. Hata chai haijapoa! WPA ya 2003 ilikuwa kiraka, ili vifaa vya zamani visitupwe. WPA2 ikafuata mwaka 2004, imara zaidi.

Kinachotuuma ni kisa cha WPS, maana ilitengenezwa kwa ajili ya watu kama sisi, tusiotaka kuhangaika na neno refu la siri. Tarakimu nane tu, umeingia. Kumbe ruta ilizikagua kwa mafungu mawili, nne za mwanzo kwanza, kisha zilizobaki, na ya mwisho kabisa hukokotolewa kutokana na zilizotangulia. Badala ya mamilioni ya majaribio, mwizi alihitaji yasiyozidi 11,000. Stefan Viehböck aliliweka hadharani Desemba 2011. Basi hata mwenye WPA2 alikuwa amefunga mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi.

Mwaka 2017 Mathy Vanhoef wa Ubelgiji aligundua ufa ndani ya WPA2 yenyewe. Ukazibwa kwa masasisho, na WPA3 ikaja 2018.

Surat An-Nur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba za watu bila idhini. Huyu wa hewani hapigi hodi. Kwa hiyo kabla ya biharusi kuingia, chagueni WPA3, au WPA2 kama ruta ni ya zamani. Zimeni WPS, sasisheni ruta, na mbadilishe neno la siri lililobandikwa chini yake: fundi aliyeifunga analijua, na kila mgeni aliyewahi kuigeuza pia.