Maji ya Bibi Zubeda

Sote twaijua hadithi ya Mtume (S.A.W.) juu ya sadaka inayoendelea baada ya mtu kufa. Kwa hivyo, alhamdulillahi, wenye uwezo miongoni mwetu hupenda kuchimbisha visima. Lakini nimekiona kisima katika kijiji kimoja cha nyika, si mbali na pwani, jina la aliyekitoa limeandikwa kwa rangi nzuri, na pampu ilikufa mwaka wa pili. Kina mama wakipita kando yake na ndoo kwenda kuchota dimbwini, pamoja na ng'ombe. Nikamkumbuka Bibi Zubeda.

Bibi huyu, binti Jaafar, alikuwa mjukuu wa Khalifa Al-Mansur na mke wa Harun Ar-Rashid. Inasimuliwa kuwa katika Hija yake aliona kiriba kimoja cha maji kikiuzwa Makka kwa dinari nzima. Na njia ya mahujaji kutoka Kufa hadi Makka ni kiasi cha kilomita 1,400, jangwa tupu mahali pengi. Si yeye peke yake aliyeitengeneza. Khalifa Al-Mahdi, baba wa mumewe, alikwisha amrisha mabirika yajengwe mwaka 161 Hijria. Lakini jina lililobaki ni la bibi: Darb Zubayda.

Tazama jinsi kazi ilivyofikiriwa. Katika jangwa lile mvua hunyesha siku chache, mabonde yakafurika, kisha maji yakapotea mchangani. Basi jambo la kwanza lilikuwa kujua mafuriko hupita wapi. Mafundi wakajenga kuta za mawe kuyaelekeza maji, yakaingia kwanza katika birika dogo yatulie, matope yashuke chini, ndipo yapite katika birika kubwa. Huko Rabadha, alikofia Abu Dharr Al-Ghifari (R.A.), wachimbuaji wa mambo ya kale wamelikuta birika la mviringo lenye upana wa zaidi ya mita 60. Mabirika mengine yana vidato ndani, ili maji yakipungua mtu ashuke ayafikie. (Neno letu birika latoka huko huko, ingawa watoto wa siku hizi wakilisikia hudhani ni la chai tu.) Vituo vikubwa vimehesabiwa 27, na vidogo kati yake 27. Mwendo wa ngamia na kiu ya msafiri ndivyo vilivyokuwa kipimo.

Makka nako alileta maji kutoka upande wa Hunayn, na mfereji mwingine kutoka Wadi Nuuman hadi Arafat. Wanahistoria wametaja dinari 1,700,000, na kwamba mweka hazina alipoogopa gharama aliamriwa aendelee hata kama kila pigo la sururu litagharimu dinari. Bibi alifariki Baghdad mwaka 216, yaani 831. Ibn Jubayr alipita njia ile mwaka 1184, akaandika kuwa lau si maji ya bibi huyu isingepitika.

Wala si kwamba hayakuharibika. Mifereji ilizibwa na mchanga, ikazibuliwa, ikazibwa tena. Katika karne ya 16 Mihrimah, binti wa Sultan Suleiman, alitoa mali yake ili mfereji wa Arafat ufike Makka. Waliokadiria kazi walidhani njia ya chini ya ardhi ipo tayari, imefukiwa tu. Walipofika mbele wakakuta mwamba mtupu! Ikabidi wawashe moto wa kuni juu ya jiwe mpaka lilegee, ndipo walivunje, kidogo kidogo. Sultan Suleiman alikufa mwaka 1566 kazi haijaisha. Mali haikukatwa, na mwishowe maji yakaingia Makka.

Kule kijijini niliuliza pampu ina nini. Wakaniambia imekatika washa ya ngozi. Hapana fungu lililowekwa la kununua nyingine, wala kijana aliyefundishwa kuitia, wala aliyeambiwa kuwa kisima kile ni amana yake.